Pamba Ndani ya Kikombe

Ukifungua hedifoni ya bei nafuu, iwe umeinunua Kariakoo, Luthuli Avenue mjini Nairobi, au umeiagiza kutoka Taiwan, utakuta vitu vichache kuliko ulivyotarajia. Kila upande una spika moja, aghalabu yenye upana wa milimita 40 hivi. Ndani ya spika hiyo kuna kiwambo chembamba cha plastiki, koili ya waya laini iliyogundishwa nyuma yake, na sumaku. Mgongoni mwa spika pana matundu madogo yaliyofunikwa kwa kipande cha karatasi au kitambaa. Kisha kikombe cha plastiki, kitupu, na mto wa sponji unaolala sikioni. Basi.

Kikombe kile kitupu kimewatia watu wengi hamu. Wapo, duniani kote, wanaozifungua hedifoni zao juu ya meza ya nyumbani, wakatia pamba, wakabandika plasta ya hospitali kwenye matundu, wakabadili mito, wakachomelea waya mpya, kisha wakaapa kwamba sasa wanasikia kifaa kinachouzwa mara tano ya bei waliyolipa. Sura hii inauliza kama ni kweli. Jibu langu nalitoa mapema: sauti hubadilika kweli, na mara nyingine huboreka kwa kiasi ambacho hata asiyejali mambo haya atakitambua. Ila katika kesi hii shahidi dhaifu kuliko wote ni yule aliyeshika bisibisi. Asipojiwekea utaratibu wa kujipima, hatajua ni kazi yake ipi iliyofaulu na ni ipi iliyofaulu kichwani mwake tu.

Tuanze na pamba, maana ndiyo inayotajwa kwanza na ndiyo inayosingiziwa mengi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiugawanya mwendo huo kwa masafa ya sauti fulani unapata urefu wa wimbi lake. Mlio wa hezi 100, ule unaotembea chini ya rumba kwenye gitaa la besi, una wimbi la karibu mita tatu na nusu. Mlio wa hezi 8,000, unaobeba ukali wa herufi "s" na ule mng'aro wa juu wa nyuzi za ganuni katika taarabu, una wimbi la sentimita nne na ushei. Kitu laini kama pamba hunyonya wimbi vizuri pale unene wake unapoikaribia robo ya urefu wa wimbi hilo. Kwa hezi 8,000 robo ni kama sentimita moja tu. Kwa hezi 100 ni zaidi ya sentimita 85, na hakuna kikombe cha hedifoni chenye nafasi hiyo.

Kwa hiyo pamba kidogo ndani ya kikombe yaweza kutuliza sauti za juu zinazougonga ukuta wa plastiki na kukirudia kiwambo kwa nyuma. Besi haiigusi kwa njia hiyo. Anayesema pamba imemwongezea besi huenda anasema kweli anachosikia, ila sababu ni nyingine: trebo imepungua, na besi iliyokuwapo siku zote imepata nafasi ya kujitokeza.

Mfano mzuri ni Superlux HD681, hedifoni ya kampuni ya Taiwan ambayo umbo lake linafanana mno na K240 ya AKG ya Austria. Kwa bei yake ni kifaa cha kustaajabisha. Besi inatosha, sauti ya katikati haina matope. Kasoro yake inajulikana na wote walioivaa: karibu na hezi 8,000 trebo inapanda ghafla, na kila "s" inachoma. Mvalishe mtu hedifoni hiyo, umwekee msomaji wa taarifa ya habari akitamka "serikali", "siasa" na "shilingi", utamwona akikunja uso. Dawa iliyozoeleka ni duara la kitambaa chembamba cha felti, au tabaka la karatasi ya tishu, linalowekwa mbele ya spika chini ya mto. Tabaka hilo hukinza mwendo wa hewa, na ukinzani wake huonekana zaidi kwenye sauti za juu. Ukali unashuka, sauti ya mwimbaji inabaki. Hapa kazi imelenga kasoro inayofahamika, kwa kitu ambacho namna kinavyofanya kazi inaeleweka, na ukizidisha unakitoa kwa vidole. Naipenda kazi ya namna hii. Watu huharibu pale wanapoona tabaka moja limesaidia, wakaongeza la pili na la tatu, hadi mwimbaji akawa kama yuko nyuma ya pazia na sebene imekufa kabisa.

Matundu nayo yana mantiki yake, na watu wengi huyaziba bila kuuliza yako upande gani. Tundu la mgongoni mwa spika huiruhusu hewa ya nyuma ipumue. Ukiliziba, hewa hiyo inakuwa ngumu kusukumwa, kiwambo kinabanwa, besi ya chini inapungua. Tundu la mbele, kati ya spika na sikio, hufanya kinyume: ukiliziba, besi inaongezeka kwa sababu hewa haitoroki tena. Iafoni nyingi ndogo za kuingiza sikioni zina matundu yote mawili, na kipande cha plasta ya karatasi kutoka duka la dawa kinatosha kubadili tabia yake. Ni mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo, na ni mabadiliko halisi, yanayoonekana hata kwenye mchoro wa kipimo. Lakini mtu akikwambia tu kwamba "aliziba matundu na besi ikaja", hajakwambia lolote bado.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kugusa kitu kimoja peke yake kwenye hedifoni ya bei nafuu, ningegusa mto.

Katika sauti nene, hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na sikio hufanya kazi kama chumba kimoja kidogo. Kiwambo kikisogea mbele, shinikizo linapanda chumba kizima kwa pamoja. Kikirudi nyuma, linashuka. Chumba kikiwa kimeziba vizuri, spika ya milimita 40 yaweza kutoa besi ya kutetemesha fuvu. Pakiwa na mwanya, hewa inatoroka kabla shinikizo halijajengeka, na besi inaondoka nayo. Mwanya huo si lazima uwe mkubwa. Mkono wa miwani unatosha. Misuko minene inatosha. Kishimo kilicho nyuma ya taya, chini kidogo ya sikio, ni mahali ambapo mito migumu ya hedifoni rahisi huvujisha karibu kwa kila mtu, na kamba nyembamba ya sponji iliyochomekwa chini ya mto pale tu huweza kurudisha besi ambayo mwenye hedifoni alidhani haikuwahi kuwapo.

Jambo hili linawahusu zaidi wasikilizaji ambao wanaopima hedifoni hawawafikirii. Wanawake wengi wa mwambao wetu huvaa hedifoni juu ya hijabu au mtandio. Kitambaa kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kinaiacha hewa ivuje kwenye kingo za mto, na kinakaa mbele ya spika kama felti ambayo hakuna aliyeiomba. Besi inapungua, trebo inapungua. Dada na kaka wakipokezana hedifoni moja sebuleni hawasikii kitu kimoja, na dada akilalamika kwamba sauti ni bapa anasema kweli kabisa. Kwake yeye pamba ndani ya kikombe ni kupoteza muda. Mto laini na mnene zaidi, unaojikunja kufuata kitambaa, utamsaidia kuliko chochote. Na iafoni ya kuingia sikioni chini ya hijabu, yenye kizibo cha mpira kinachomtosha, itamsaidia zaidi ya mto.

Kisha kuna hali ya hewa. Mito mingi ya bei nafuu hufunikwa kwa ngozi bandia ya poliyurithani, na poliyurithani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa polepole. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja huhitaji kusubiri sana: ngozi inaanza kubanduka vipande vipande vyeusi vinavyonata shingoni, sponji ya ndani inalala, na mwenye hedifoni anasema spika zimechoka. Mara nyingi spika hazina neno. Mito mipya inayoziba inairudisha sauti ya siku ya kwanza. Ila mtu aangalie anachonunua, maana mto nao ni sehemu ya chombo. Mto mnene humsogeza msikilizaji mbali na spika. Mto wa mahameli hupumua na hivyo hupunguza besi kulinganisha na wa ngozi. Tundu la katikati likiwa dogo kuliko la awali, trebo hubadilika. Mtu aliyebadilisha mito amebadilisha hedifoni, hata kama hakugusa skrubu yoyote.

Kuna hedifoni moja ambayo historia yake inaonyesha uchokonoaji wa nyumbani unaweza kufika wapi. Fostex T50RP ni ya Japani, ilitengenezwa kwa ajili ya studio, na kwa miaka mingi iliuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuifikia. Spika yake si ya kawaida: badala ya koili iliyogundishwa nyuma ya kiwambo, njia ya umeme imechapwa juu ya kiwambo chenyewe kilicho bapa, na sumaku zimekizunguka mbele na nyuma. Teknolojia ya namna hiyo kwa kawaida hupatikana kwenye vifaa vya bei kubwa. Kikombe chake, kinyume chake, kilikuwa cha plastiki rahisi inayotetemeka pamoja na muziki. Watu waligundua kwamba ndani ya nyumba hafifu anaishi mpangaji wa thamani. Walibandika udongo wa kuchezea watoto kwenye kuta za kikombe ili uzito wake uuzime mtetemo, wakaweka pamba na felti, wakaziba sehemu ya matundu, wakaweka mito mikubwa ya ngozi. Kila mmoja alikuwa na mapishi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mmarekani Dan Clark alianza kuuza T50RP alizozifanyia kazi hiyo kwa ustadi, kwa jina la MrSpeakers. Toleo lake lililoitwa Mad Dog liliuzwa kwa bei iliyoizidi mbali hedifoni ya asili, na wanunuzi walipatikana. Baadaye alitengeneza vikombe vyake mwenyewe kwa printa ya 3D, akabakiza spika ya Fostex, na hatimaye akaunda spika yake. Leo kampuni hiyo inaitwa Dan Clark Audio na inauza hedifoni za maelfu ya dola. Zach Mehrbach, mwanzilishi wa ZMF karibu na Chicago, naye alipitia njia hiyohiyo, akianza na T50RP. Hawa wawili wanatosha kumjibu anayesema kwamba kufungua hedifoni ni mchezo wa watoto. Lakini tazama walichofanya ambacho wengi wetu hatukifanyi: walipima. Waliweka hedifoni kwenye mashine yenye sikio bandia, wakaongeza kitu kimoja, wakapima tena, wakatupa kisichosaidia. Na walianza na spika iliyokuwa nzuri tayari.

Hilo la mwisho ndilo ninaloomba msomaji alishike kabla hajanunua bisibisi. Kikombe kibaya kinatibika. Spika mbaya haitibiki kwa pamba. Koss Porta Pro, iliyotoka Milwaukee mwaka 1984 na ambayo bado inauzwa, inapendwa kwa sababu spika zake ni nzuri kupita bei yake. Wachokonoaji wake hutoboa matundu zaidi kwenye plastiki iliyo mbele ya spika ili kuifungua sauti. Mimi sishauri kazi hiyo kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza. Unga wa plastiki unaingia kwenye mwanya wa koili, ncha ya keekee inapita milimita moja zaidi, na kiwambo kimekwisha. Tofauti na tishu ya Superlux, tundu halirudishiki.

Kuhusu waya nitasema machache. Hedifoni nyingi za bei nafuu zina ukinzani wa omu 32 hivi. Tuseme waya wake mwembamba unaongeza omu moja nzima, ambayo ni nyingi. Hesabu inaonyesha sauti itashuka kwa robo tu ya desibeli, na kama ukinzani wa spika ni uleule katika masafa yote, itashuka sawasawa kwenye besi na kwenye trebo. Kuchomelea waya wa gharama ili kupata "sauti ya joto" ni kutafuta kisichokuwapo. Kuchomelea waya mpya kwa sababu wa zamani umekatika karibu na pini, au kumpa fundi akupachikie soketi kwenye kikombe ili siku nyingine ubadilishe waya bila kufungua chochote, ni kazi ya maana sana. Inaongeza umri wa hedifoni kwa miaka. Haiongezi uzuri wa sauti.

Sasa turudi kwa shahidi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa Harman nchini Marekani, waliwaomba watu 40, wote wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, wasikilize spika za sebuleni na kuzipa alama. Mara nyingine spika zilionekana, mara nyingine zilifichwa nyuma ya pazia. Spika zikionekana, zile kubwa na za kifahari zilipanda alama, na ile ndogo ya plastiki ikashuka. Pazia likiwapo, tofauti hizo zilipungua na hukumu ikabadilika. Hawa walikuwa watu wanaofanya kazi katika biashara ya sauti. Mtu aliyetumia Jumapili nzima akikata felti kwa mkasi, ambaye ametoa fedha yake na jasho lake, ana kishawishi kikubwa kuliko wao.

Juu ya hapo kuna mitego miwili ya mwili wenyewe. Wa kwanza ni ukubwa wa sauti. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa ndogo. Ukiongeza sauti, besi inapanda haraka kuliko vingine. Kwa hiyo marekebisho yoyote yanayoifanya hedifoni iwe na nguvu kidogo zaidi yatasikika kama yameongeza besi na uhai, hata kama hayakugusa uwiano wowote. Wa pili ni kumbukumbu. Undani wa sauti hudumu akilini kwa sekunde chache. Mtu akifungua hedifoni, akatia pamba, akafunga skrubu nne, akavaa, analinganisha anachosikia sasa na wazo tu la alichosikia mwanzo.

Njia ninayoiamini zaidi haihitaji mashine. Rekebisha upande mmoja tu, uache wa pili kama ulivyotoka kiwandani. Simu nyingi, kwenye mipangilio ya ufikivu, zina swichi inayounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Washa hiyo, weka wimbo unaoujua kwa moyo, na sasa pamba na utupu vinasikika kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye sikio lake. Geuza hedifoni kushoto kuwa kulia, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja nayo hayalingani. Kisha fumba macho na umwombe mtu wa nyumbani akuvalishe mara kumi, akibadilisha upande anavyotaka bila kukwambia, nawe utaje ulipo upande uliorekebishwa. Ukipata tisa au kumi, unasikia kitu halisi. Kwa kubahatisha tu, matokeo hayo hutokea kama mara moja katika mia. Ukipata tano au sita, ing'oe pamba yako.

Jaribio hili lifanywe kwanza kabla ya kufungua chochote. Hedifoni za bei nafuu hutoka kiwandani pande zake zikiwa hazifanani, na anayeruka hatua hii ataihesabu tofauti ya kiwanda kuwa kazi ya mikono yake. Na kusikia tofauti si sawa na kuipenda. Baada ya kujua kwamba ipo, kaa na kila upande, na nyimbo mbalimbali, taarabu na injili na sauti tupu ya mtu akiongea, ndipo uamue.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asumbuke wakati simu ina ikwalaiza. Swali zuri. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawanya sauti katika masafa. Maana yake ni kwamba bei haikuhakikishii mgawanyo mzuri, ilhali mgawanyo huo unaweza kusogezwa kwa programu ya bure, kwa usahihi ambao pamba haina: punguza hezi 8,000 kwa desibeli tano, sikiliza, rudisha moja. Kwa Superlux ile, ikwalaiza na felti hufanya karibu kazi ileile, na ikwalaiza hufutika kwa kidole kimoja. Ningeanza nayo, kisha felti nikiitaka hedifoni iwe hivyo hata ninapoichomeka kwenye redio ya mtu mwingine.

Isichoweza ikwalaiza ni kuziba mwanya. Ukiongeza besi kwenye mto unaovuja, kiwambo kinasukumwa kwa nguvu zaidi na hewa inaendelea kutoroka, hadi koili igonge mwisho wa safari yake na sauti ianze kukwaruza. Mto kwanza, programu baadaye. Na spika ambayo tayari inakwaruza, jambo utakaloligundua kwa kucheza mlio mtupu unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200 ukiwa umepunguza ukubwa wa sauti, haina dawa ya pamba, plasta wala simu. Spika za milimita 40 zenye omu 32 huuzwa peke yake, bila hedifoni. Nunua mbili, hata kama iliyoharibika ni moja, kwa sababu mpya ikikaa kando ya ile ya zamani hazitalingana.